Kole ya Wakati wa Mvua

Tarehe 9, mwezi wa kumi

Shekina amechovya mkono mzima ndani ya kopo la kole nyeupe, gundi ya mbao, sasa hivi, nilipogeuka kupuliza makaa ya mbabula. Hakulia. Alikaa chini akiangalia vidole vyake vinakauka, kisha akaanza kuchuna kile kingozi chembamba cha kole, polepole, na kila kipande akaninyooshea kama anayegawa mkate. Kimoja kimetoka na mistari yote ya kidole gumba. Nimekiweka hapa katikati ya daftari. Ukikielekeza kwenye dirisha, mwanga unapita ndani yake.

Daftari ni la shule, lilibaki tangu nilipoachia darasa la sita. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Akikua, nataka ajue tulivyoishi mvua hii. Naandika Swahili ya misa, ndiyo niliyofundishwa kuandika. Ikinikimbia nitaandika ile ya mdomo.

Kole ni ya baba yake. Hénock ametoka kwenye mashimo ya Mutoshi tangu wiki mbili. Baba yake kule Sandoa alikuwa seremala, na mikono haijasahau. Sasa anatengeneza fimbo za biyare, ule mchezo wa kupiga mipira juu ya meza. Kitako cha fimbo ni mukula, ule mti mwekundu. Mbele ni mbao nyeupe ya makasha yanayoleta mashine za mgodi. Panapokutana mwekundu na mweupe, kole ndiyo inashika. Au haishiki.

Mama Adolphine, mwenye nganda ya hapa kona, ile baa yenye meza mbili za biyare, alikuja leo kuangalia. Ni mwanamke mnene, hacheki, anakusemesha kama ulimwibia kuku.

“Kila mwaka mvua inafungua fimbo zangu kama ndizi,” akamwambia Hénock. “Unipe sita. Nitazitundika kwangu mvua yote. Wiki moja mbele ya Pasaka nitagonga moja moja kwa simenti. Ikisema ‘ko’, utatengeneza fimbo bya nganda zangu zote tatu, na bya ndugu yangu wa Sandoa. Ikisema ‘bu’, rudia kwa shimo lako.”

Hénock akajibu tu, “Ndiyo, mama.”

Shimo linamngoja. Lukusa, mkubwa wa timu yake, amemshikia nafasi mpaka katikati ya mwezi wa pili, upande wa mgodi wa Mashamba. Taa ya kichwa ya Hénock inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Mvua ndiyo inaangushia mashimo watu. Ikianza kugonga mabati, macho yangu yanaenda kwenye ule msumari yenyewe, kuona kama taa iko. Ikiwa iko, naye yuko.

Tarehe 14, mwezi wa kumi

Mvua. Taa iko.

Tarehe 27, mwezi wa kumi

Fimbo ya kwanza imekamilika. Hénock aliipakaa mafuta, ikawa kama kitu kilichoota chenyewe: chini damu, juu maziwa. Alinipa niishike. Nilikuwa sijawahi kushika fimbo ya biyare. Ni nyepesi, na bado unasikia uzito wake unakungoja kule nyuma, kama mtoto mgongoni.

Tarehe 6, mwezi wa kumi na moja

Siku tatu hazikukauka. Nguo zinanuka chini ya kitanda, chumvi imegeuka maji. Nilifungua daftari kuangalia kile kidole cha kole cha Shekina. Kilikuwa kimebadilika. Hakipitishi tena mwanga, kimekuwa cheupe kama jicho la samaki aliyeiva, na nilipokigusa kilinifuata kwenye ngozi, laini. Mistari ilikuwa inaondoka.

Nikamwita Hénock. “Angalia. Kole yako inakunywa maji.”

Akakigusa. Akaenda kuchukua ile fimbo nzuri aliyoiegemeza ukutani, akaikunja kidogo tu juu ya goti. Ikafunguka bila hata kulia, kama mdomo wa mtu anayelala.

Alikaa mlangoni mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa.

Tarehe 7, mwezi wa kumi na moja

Taa iko.

Tarehe 19, mwezi wa kumi na moja

Kanku, fundi viatu wa sokoni, ametupatia kole yake ya njano. Unapakaa huku, unapakaa huku, unangoja ikauke, halafu unagonganisha. “Hii hata maji ya mto haiiwezi,” alisema. “Kuna mama alivukia mafuriko na viatu bilivyonipitia. Viatu bilifika. Mama sijue.” Akacheka peke yake.

Kweli maji haiogopi. Tuliloweka fimbo iliyoshikwa nayo usiku kucha ndani ya beseni, asubuhi iko vile vile. Hénock akaenda kuijaribu kwa Mama Adolphine. Nikafuata na mtoto mgongoni, nikasimama mlangoni.

Kijana mmoja akainama, akapiga. Mpira mweupe ukaenda, lakini ukaenda kama uliamshwa kabla ya saa yake.

“Iko inalala,” yule kijana akasema. “Mi napiga, yenyewe inawaza kwanza.”

Mama Adolphine akaichukua, akagonga kitako chini. *Bu.*

“Ile ni kole ya kiatu,” akasema. “Kiatu kinapaswa kujikunja. Fimbo ikijikunja, ni mukia.”

Watu wakacheka. Nilimchukia siku hiyo, niandike ukweli.

Tarehe 1, mwezi wa kumi na mbili

Ile kole ndogo ya haraka, ya matone, inashika kabla hujapumua. Imeshika pia kikwembe changu, kitenge nilichojifunga. Fimbo ikasema ‘ko’ mara nne, safi, tukatazamana. Mara ya tano ikapasuka pale pale kama glasi. Shekina akapiga makofi.

Tarehe 25, mwezi wa kumi na mbili

Tumeimba misa ya Noeli, mvua ikatupita sauti. Lukusa alikuwa nyuma ya kanisa, na koti la mtu mrefu kuliko yeye. Alimsalimia Hénock kwa mikono miwili. “Nafasi yako iko,” alimwambia. Mimi hakuniangalia. Nilimwona kama mtu aliyekuja kupima mlango wetu kwa kamba.

Tarehe 8, mwezi wa kwanza

Mfanyabiashara mmoja ameleta kutoka Lubumbashi kole ya tyubu mbili. Moja ina rangi ya asali, nyingine ni nyeupe kama maziwa ya kwanza. Peke yake kila moja haishiki hata karatasi. Unazichanganya sawa kwa sawa, na hapo ndipo zinaanza kuwa kitu. Nilipenda hilo. Nilimwambia Hénock, “Ni kama sisi.” Akasema, “Sisi tulikawia zaidi.”

Inafanya kazi kwa mikono minne. Mmoja anashika vipande viwili vinyooke, mwingine anazungushia mikanda ya mpira wa kinga, ule wa ndani ya gurudumu la baiskeli, akikaza mpaka kole itokee jasho pembeni. Na ikishachanganywa haingojei mtu. Hénock alirudia mara mbili: “Nikikuita, kuya palepale.”

Tarehe 10, mwezi wa kwanza

Ni mimi niliyeharibu.

Nilikuwa hapa, kwenye daftari hili. Nilikuwa naandika ndoto. Nimeota mti wa mukula uliosimama katikati ya nganda ya Mama Adolphine, umetoboa bati, na mvua inateremka kwenye shina lake bila kuulowesha. Nilitaka niiandike kabla haijaondoka. Hénock akaita: “Mama Shekina, kuya!” Nikasema, “Ngoja kidogo.” Akaita tena. Nikasema, “Niko nakuya, nabakiza mustari moja.”

Nilipotoka, kopo la sardini lilikuwa linatoa moshi. Alikuwa amechanganya kole nyingi kwa mara moja, ikarundikana ndani ya kopo, ikapata joto lake yenyewe, ikawa jiwe. Kijiti cha kuchanganyia kimesimama katikati, hakitoki.

“Nusu ya tyubu,” alisema. Sauti ilikuwa ya chini. Afadhali angepaza.

“Nisamehe.”

“Uko unaandika nini kila siku?”

“Yetu.”

Akaangalia msumari. Niliona macho yake yanakwenda kule yanakokwenda yangu. “Pengine yetu iko kwa Lukusa,” akasema, akachukua koti akatoka. Taa hakuichukua. Nilikaa chini na lile kopo mapajani, lilikuwa bado la moto, na Shekina akaja kuligusa na kurudisha mkono, kugusa na kurudisha.

Alirudi kabla ya chakula, amelowa. Nilikuwa nimepata kitu cha kumwambia zaidi ya kuomba samahani tena. Matone yaliyomwagika kwenye sahani ya bati yalikuwa bado laini wakati ya ndani ya kopo yameshakuwa jiwe. Kole ikikaa kwa lundo inachemka, ikitandazwa inatulia.

“Tuichanganyie kwa sahani,” nikasema. “Kidogo kidogo.”

Akaangalia sahani muda mrefu. “Ile ya kulia bukari?”

“Tutakula kwa kifuniko.”

Hapo akacheka. Sijui kama nimesamehewa, lakini tulikula kwa kifuniko.

Tarehe 17, mwezi wa kwanza

Bado haishiki vizuri upande wa mukula. Mbao nyeupe inakubali, mwekundu anakataa. Leo nafua shati la Shekina ambalo Hénock alilifutia mikono, rangi ya mti ikaelea juu ya maji na vijicho vya mafuta. Nikaelewa. Ule mti una mafuta yake. Kole inalala juu ya mafuta, haifiki kwenye mti.

Kinachoondoa mafuta bila kuacha maji ni lutuku, pombe kali ya mahindi. Basi mimi, wa kwaya, wa sauti ya pili, nikaenda kwa Mama Mbombo anayeitengeneza, saa nne asubuhi, mtoto mgongoni, chupa chini ya kikwembe.

“Valérie,” akasema, “na wewe?”

“Ni ya mbao.”

“Njo vile banasemaka bote. Ya mbao, ya jino, ya mukwe.”

Jioni jirani zangu walikuwa wananinusa nikipita.

Tarehe 20, mwezi wa kwanza

Fimbo imeshika. Tumeifuta kwa lutuku, tumeifunga, tumeingoja siku nzima. *Ko.* Hénock ameipeleka kwa Mama Adolphine, naye ameitundika ukutani pale ambapo bati lake linavuja. Kusudi.

Tarehe 26, mwezi wa kwanza

Ya pili imefunguka.

Kole ile ile, sahani ile ile, mikono minne. Nilichukua chupa ya lutuku nikaimwaga kidogo kwenye kijiko, nikawasha kiberiti. Haikuwaka. Nikawasha tena. Mama Mbombo ameiongezea maji, kama wote wanavyofanya wakati wa mvua watu wakinywa sana. Tulikuwa tunafuta mafuta na kumnywesha mti maji kwa mkono huo huo.

Nilirudi kwake na kijiko. Hakubisha. Akaniangalia kwa heshima hivi, akaingia nyuma, akatoka na kichupa kidogo. “Hii ni ile inadondoka ya kwanza. Hii siuzishake kwa batu, itabaua macho. Ya mbao kweli?”

“Ya mbao.”

Ikawaka kwenye kijiko, moto wa buluu mdogo sana, unaouona tu ukiinama. Shekina akainama. Nikamshika, tukauangalia pamoja mpaka ukaisha, na kijiko kikabaki kikavu kabisa.

Lakini ile ya kwanza imeshatundikwa kwa Mama Adolphine, na ilifutwa na lutuku ya maji.

“Imeshika,” Hénock akasema. “Tuiachie. Pengine itashika.”

Tarehe 28, mwezi wa kwanza

Mvua. Taa iko. Nawaza ile fimbo moja.

Tarehe 30, mwezi wa kwanza

Nimeenda peke yangu, na Shekina tu. Nganda ilikuwa tupu, Mama Adolphine anafuta kitambaa cha meza kwa brashi, pole sana, upande mmoja tu, kama anayechana nywele za mtu.

“Mama,” nikasema, “ile fimbo ya kwanza itafunguka. Tuliifuta na lutuku ya maji. Tulikuwa hatujue. Hizi zingine tunafuta na ile inawaka moto.”

Aliendelea kufuta. “Bwana yako anajua uko hapa?”

“Hapana, mama.”

“Unajua minaweza kuachia kazi yenu hapa hapa?”

“Najua.”

Shekina alikuwa ameshika mguu wa meza, anasimama. Mama Adolphine akamtazama.

“Hizi meza alininunulia bwana yangu,” akasema. “Alikuwa anajua kupiga. Alishuka kwa shimo siku ya mvua.” Akazungusha brashi, akaanza upande mwingine. “Ile fimbo iache pale. Nitaiona mwenyewe. Na usimwambie bwana yako kama ulikuya, banaume banapenda kukasirika.”

Nilimwambia. Hakukasirika. Aliniomba nimshikie ubao.

Tarehe 5, mwezi wa pili

Ya pili tumeirudia, imeondoka pamoja na ya tatu na ya nne. Kidole cha Shekina kimeoza kabisa kwenye daftari, nimekitoa. Nimebandika kingine, cha kole ya tyubu mbili, tone lililobaki kwenye sahani alipolibonyeza kwa kidole gumba likiwa karibu kukauka. Lina rangi ya asali. Mistari yote iko.

Tarehe 15, mwezi wa pili

Lukusa amekuja. Tulikuwa tunafunga ya sita. Kole iko kwenye sahani, mimi nimeshika mwekundu na mweupe vimenyooka, Hénock anazungusha mpira wa kinga, na mpira ukakatika. Ulikuwa wa mwisho. Kole imeshaanza kubadilisha rangi.

“Kamba!” Hénock anasema. “Kamba yoyote inavutika!”

Na Lukusa yuko mlangoni na lile koti lake refu, mvua inamdondoka. “Mukalay,” akasema, akimwita kwa jina la kazini, “motokari iko kwa barabara. Batu biko ndani.”

Mi sikuweza kugeuka. Nikiachia, fimbo inapinda. Niliangalia msumari tu. Nikamwona Hénock anaenda kwenye ule msumari, anashusha taa. Niliendelea kushika kwa sababu mikono haikuwa na habari.

Akachukua kisu, akakata mkanda wa taa, ule wa kuvutika unaozunguka kichwa. Akarudi, akaufunga juu ya maungio, akakaza, akakaza. Kole ikatoka jasho pembeni.

“Ule mukanda ni wa shimo,” Lukusa akasema.

“Unavutika,” Hénock akajibu, bila kuinua kichwa. “Shika hapa, mukubwa. Haufike.”

Na Lukusa akashika. Akaweka vidole vyake juu ya mkanda, vidole vyenye kucha nyeusi ambazo hakuna sabuni inayozifikia, na tukakaa hivyo watu watatu tumeinamia fimbo moja. Huko barabarani motokari ikapiga honi. Ikapiga tena. Shekina akajibu: “Piii.”

“Utakawia kuachia?” Lukusa akauliza.

“Dakika kumi.”

“Batanichekelea.” Lakini hakuondoa mkono. Nilimwona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Ni kijana. Sijui kwa nini nilifikiri ni mzee. Anakohoa akigeuza uso pembeni ili asitikise fimbo.

Alipoondoka alimwambia Hénock, “Nafasi nitaipa mutu mwingine, hairudi.” Hénock akasema ndiyo. Nikampa Lukusa mihogo miwili ya kuchoma ndani ya karatasi. Akaiweka ndani ya koti, akaenda kwa miguu, motokari ilikuwa imeshamwacha.

Tarehe 16, mwezi wa pili

Mvua. Macho yakaenda. Taa iko, imelala dirishani bila mkanda. Sasa kama zile fimbo zikifunguka hatuna shimo wala nganda.

Tarehe 9, mwezi wa tatu

Mvua kila siku. Nimeota zile fimbo sita zinasimama zenyewe na kutembea nje, wakati wa mvua, kila moja imeshika ya jirani yake.

Tarehe 29, mwezi wa tatu

Amegonga leo.

Watu walijaa. Mama Adolphine aliziteremsha moja moja kutoka kwenye ukuta unaovuja, ukuta wenyewe umeota kijani. Aliinua ya kwanza juu kidogo, akaiachia kitako kwenye simenti.

*Bu.* Na kipande cheupe kikaanguka upande, mwekundu ukabaki mkononi mwake.

Hénock akainamisha kichwa. Niliona shingo yake tu. Mama Adolphine akaweka vile vipande juu ya meza, vizuri, vikiangaliana.

“Hii moja,” akaambia watu, “balikuya kuniambia tangu mwezi wa kwanza itafunguka. Na kwa nini. Miaka hii yote mafundi bananiambia ni bachezaji ndio banavunja.”

Akachukua ya pili. *Ko.* Ya tatu. *Ko.* Ya nne, ya tano. Kila sauti ilikaa kidogo hewani kabla ya kwenda. Ya sita, ile ya mkanda, aliigonga mara tatu, anageuza sikio.

“Ni nani alitengeneza hii?”

“Tulikuwa watatu, mama,” Hénock akasema.

“Basi sita ingine za hapa, kisha za nganda zangu mbili, kisha za Sandoa. Na mujue, hii ukuta bado inavuja.” Akaniangalia. Bado hacheki. Lakini alimchukua Shekina mgongoni mwangu bila kuniuliza, akamketisha juu ya meza, katikati ya kile kitambaa chote cha kijani, akampa mpira mweupe.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Shekina yuko chini ya kitanda na ile taa, ameiwasha mchana, anatafuta kiatu ambacho amekivaa. Hénock yuko nje, ametega mlango uwe kivuli. Nasikia kisu kinakwaruza sahani. Mawingu yanatoka upande wa Mutoshi lakini hayana haraka, mvua ya mwaka huu imeshazeeka. Kole iko kwenye—

“Mama Shekina! Ishachanganywa!”

Nilitaka tu niandike kwamba asubuhi, mvua ilipoanza kugonga mabati, kwa mara ya kwanza macho yangu hayakwenda kwenye msumari, yalienda kwenye sahani ya kole, kuona kama